Kamba ya Saa Nane Usiku

Tunasubiri malori ya Himo yaishe.
Kundaeli amelaza kiganja juu ya bamba la jiwe
kama anayepima homa ya mtoto.
Chini ya bamba kuna mipira minne ya bodaboda,
tuliijaza nusu kwa pampu ya mguu
ili mtikisiko wa lami usipande mezani.
"Bado," anasema. "Kuna moja linapita Kiborloni."
Mimi sisikii kitu, ila mstari kwenye skrini unatetemeka.

Saa nane kasorobo Moshi inatulia.
Nawasha leza. Rangi yake imevuka wekundu,
jicho haliifikii;
nuru inayoshika haionekani.
Kinachoonekana ni ushanga,
mdogo kuliko vumbi la unga wa sembe,
ulioacha ghafla kuhangaika
mahali ambapo hapana mkono.
Wa pili umenyonywa na ncha ya mrija wa kioo.
Kati yao, kwa mujibu wa hesabu, upo uzi.
Miaka mitatu nauvuta,
sijawahi kuuona.

Baba alikuwa mpima kamba, kiwanda cha katani.
Alirudi jioni na nyuzi kwenye kope
na namba za kilo kwenye kiganja, kwa kalamu ya bluu.
Ana kovu shavuni la siku kamba ilipokatika ikamrudia.
Kamba hukatikia pembamba, husema,
na haoni kama hiyo ni methali.

Jana kwenye simu: "Hiyo kamba yenu ni ya nani?"
Si ya mtu, baba. Ni ya kirusi kinachokula bakteria.
"Mnaivuta kwa kilo ngapi?"
Nikamwambia, chukua siafu mmoja,
gawa uzito wake mafungu laki nne na nusu,
fungu moja ndilo mzigo wangu.
Nikasikia redio yake, matangazo ya vifo.
"Basi," akasema, "hapo hamjavuta."

Lakini navuta.
Mwanzoni uzi haukubali wala haukatai,
umejikunja tu.
Njia za kujikunja hazihesabiki, ya kunyooka ni moja:
ndiyo nguvu yake yote ya mwanzo,
uvivu wa hesabu.
Mikroni kumi na tano, mstari umelala.
Kumi na sita, unasimama kama ukuta.
Thelathini. Hamsini.
Sitini.
Sitini na tano, na hapo

haukatiki.
Unaachia. Unarefuka, mzigo uleule,
unarefuka tena, nusu ya urefu wake na zaidi,
na mstari unakwenda tambarare
kama majaruba ya Chekereni yaliyotiwa maji.
Kundaeli anashusha pumzi. Hushusha kila mara,
ingawa hii ni ya arobaini na moja.

Narudisha polepole.
Uzi haurudi kwa njia uliyoendea,
unapita chini yake.
Ile nafasi kati ya kwenda na kurudi
ina jina refu kwenye ripoti.
Kundaeli anaiita nauli.

Saa tisa na robo umeme unakatika.
Betri yetu hubeba kompyuta, haibebi leza.
Gizani ushanga umeshaondoka zake
na uzi nyuma yake,
au bila uzi. Hakuna wa kumuuliza.
Naandika daftarini kwa tochi ya simu:
41, haikukatika.

Asubuhi nampigia baba picha ya ule mstari, naituma.
Anakaa nayo mpaka saa sita mchana.
"Hapa palipolala," anaandika, "sisi tungeitupa.
Kamba inayolegea haiuziki."

Halafu, nilipokuwa nimeshaweka simu chini:
"Ile yangu ilisoma mia nane na arobaini.
Haikulegea hata kidogo."